Kabla ya kuhamia kwako, hesabu saa za mtoto

SAA 10:45 alfajiri, kwenye njia za vumbi za Goba, Madale, Chanika na Kivule, taa nyingi zinazopita si za watu wanaowahi daladala. Ni za magari ya shule. Mtoto wa chekechea anatolewa mlangoni akiwa amebebwa, sweta juu ya sare, macho yamefumba. Atamalizia usingizi kwenye kiti, kichwa kikigonga kioo, huku gari likizunguka mtaa baada ya mtaa kukusanya wenzake.

Wazazi wa baadhi ya watoto hao wameshatimiza jambo ambalo wapangaji wengi wa Dar es Salaam wanaliota: wamehamia kwao. Hakuna mwenye nyumba wa kugonga hodi akidai kodi ya miezi sita, hakuna ugomvi wa LUKU, na watoto wana mahali pa kukimbia. Nyumba yenyewe labda haina dari wala vigae, lakini ni yao. Si jambo dogo, na makala hii haiji kumkatisha mtu tamaa ya kujenga.

Inakuja na swali ambalo kwa kawaida husahaulika siku ya kwenda kuona kiwanja. Mnunuzi huuliza bei, halafu hati, halafu umbali kutoka lami. Yote ni maswali ya mtu mzima, tena ya mtu mzima anayefikiria miaka ishirini ijayo. Mtoto haishi miaka ishirini ijayo. Anaishi Jumatatu hii, kuanzia anapoamshwa hadi anapolala, na eneo mlilochagua ndilo linalopanga saa hizo.

Jiji lenyewe linatusukuma pembezoni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na Magomeni au Sinza hazikuongezeka ukubwa. Kwa hiyo tunakwenda Bunju, Kibamba, Chamazi, Kibada na kwingineko. Suala si kwenda au kutokwenda. Ni kwenda wapi, na lini.

Hesabu ya usingizi

Tuanze na usingizi, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza ambacho umbali humnyang'anya mtoto, na huwa hakuna anayelalamika.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukiwamo wa mchana. Kwa mtoto wa miaka sita hadi 12, madaktari bingwa wa usingizi nchini Marekani wanashauri saa tisa hadi 12. Asiyefikisha kiwango hicho mara kwa mara anakuwa na hatari zaidi ya kushindwa kutulia na kuelewa darasani, kuwa mwenye hasira, kuumia kwa ajali na hata kuongezeka uzito kupita kiasi.

Sasa chukua familia ya mfano. Walipanga Sinza, wamejenga Madale. Baba anafanya kazi Kariakoo, mama Mikocheni, na mtoto wa miaka saba anasoma karibu na Mwenge kwa sababu shule wanaipenda na hawakutaka kumhamisha. Gari la shule linafika saa 11 alfajiri, hivyo anaamshwa saa 10:30. Ili apate saa tisa tu, kile kiwango cha chini kabisa, anatakiwa awe amelala saa 1:30 usiku.

Lakini gari hilo hilo linamrudisha saa 12 jioni. Ana saa moja na nusu ya kuoga, kula, kufanya kazi za shule na kuwa mtoto. Baba anaingia saa 3 usiku. Akimsubiri baba, anapoteza saa moja na nusu ya usingizi kila siku. Asipomsubiri, ataonana naye Jumamosi.

Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Andika muda ambao mtoto ataamka, rudi nyuma saa tisa au kumi, kisha jiulize kama nyumbani kwenu kuna mtu atakuwa amefika na chakula kitakuwa kimeiva. Kama jibu ni hapana, umbali huo ni mkubwa mno kwa mtoto wa umri huo, hata kama kiwanja kina hati na mandhari ya bahari.

Na kuna mtoto ambaye bado yuko mgongoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Akiwa anaishi dakika ishirini kutoka ofisini, saa hizo mbili ni maziwa ya mtoto. Akiwa anaishi saa mbili kutoka ofisini, haki hiyo inaishia kituoni. Ushauri wa kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita tunaujua wote. Sijui ni mara ngapi tunauweka kwenye mazungumzo ya kiwanja.

Kodi iliyohamia barabarani

Hoja ya kuhamia mapema huwa ni moja: tuache kutupa hela kwenye kodi. Ni hoja nzuri, ila ipigiwe hesabu kamili.

Tuseme familia yetu ya mfano ilikuwa inalipa kodi ya Sh250,000 kwa mwezi. Madale, kutoka nyumbani hadi lami, bodaboda ni Sh2,000. Wazazi wawili, kwenda na kurudi, ni Sh8,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni Sh176,000. Gari la shule likiwa Sh80,000, tumeshafika Sh256,000, na hakuna aliyepanda daladala bado wala kununua boza la maji. Weka bei za kwako, huenda zikawa chini au juu ya hizi. Lakini ziandike kwenye karatasi, kwa sababu kodi hulipwa kwa mkupuo na inauma, wakati nauli hutoka kidogo kidogo na hakuna anayeijumlisha.

Muda nao ni hivyo hivyo. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi ni saa 88 kwa mwezi, sawa na siku 11 za kazi za saa nane. Siku 11 za kazi za kusimama kwenye daladala.

Ndiyo maana umbali wa kilomita ni kipimo dhaifu. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara, ulibadilisha hesabu ya watu wa upande huo bila nyumba yoyote kusogea. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka huo huo, Kigamboni nayo ikabadilika, ingawa anayeishi huko bado anachagua kati ya tozo ya daraja na foleni ya kivuko. Pima kwa dakika, na upime mwenyewe.

Hapa dalali si shahidi. Madalali wetu wana kipimo chao cha "dakika tano tu kutoka lami", na ukiuliza zaidi utagundua ni dakika tano za bodaboda, kiangazi, bila kusimama. Tena wanapenda kukupeleka Jumapili mchana, barabara zikiwa nyeupe, mkiwa ndani ya gari dogo lenye kiyoyozi. Wewe nenda Jumatatu. Lala kwa ndugu au rafiki aliye eneo hilo kama yupo, kisha toka naye saa 11 alfajiri kwa usafiri ambao mtautumia kweli. Kama huna wa kumlalia, nenda jioni ukitoka kazini, ushuke kituoni gizani, uone ni nani wanasubiri bodaboda na wangapi wanapakiwa mshikaki pamoja na watoto wao.

Saa 8 usiku

Wazazi wengi wakisikia kuna hospitali kubwa jirani, wanaweka tiki na kuendelea. Mkazi wa Kibamba ana Mloganzila karibu, na ni faraja. Lakini Mloganzila ni hospitali ya ngazi ya rufaa, na afya ya mtoto mdogo kwa sehemu kubwa haifanyiki kwenye hospitali za rufaa. Inafanyika kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto.

Angalia kadi ya kliniki. Kuna chanjo za kuzaliwa, za wiki ya sita, ya kumi na ya 14, kisha mwezi wa tisa na wa 18, na katikati yake mtoto anatakiwa kupimwa uzito kila mwezi. Hizo ni safari nyingi kuliko utakazofanya hospitali kubwa kwa miaka kumi. Zahanati ya kutembea kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni ina thamani kuliko hospitali ya rufaa iliyo umbali wa bodaboda mbili. Mama akilazimika kuomba ruhusa ya siku nzima kwa chanjo ya dakika kumi, kinachofuata ni kuruka mwezi, halafu mwezi mwingine.

Usiku una maswali yake. Zahanati nyingi hazifanyi kazi usiku. Kituo cha afya ndicho kwa kawaida huwa na wodi na mtu wa zamu. Kwa hiyo uliza jirani, si dalali: mtoto akipandisha homa saa 8 usiku, mnampeleka wapi, mnapelekwa na nani, na geti huko linafunguliwa na nani? Jibu likianza na "kwa kweli huku huwa tunasubiri kukuche", umesikia jambo kubwa. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea kiasi cha kutoamka vizuri, si wa kusubiri kukuche.

Kama kuna mjamzito nyumbani, ulizia pia usafiri wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo humsaidia mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga wakipata dharura. Lakini dereva lazima aione nyumba na njia iruhusu gari kupita. Mwaka 2022 nchi nzima ilihangaika na anwani za makazi. Mtaa unaotaka kuhamia una vibao na namba, au mnaelekezana kwa "ukifika kwenye mwembe kata kushoto"?

Kama familia inatumia bima, ingia kwenye hicho kituo cha jirani na uulize kama wanaipokea. Dakika mbili tu.

Maji, na yanayokuja na maji

Bomba kuwepo si maji kuwepo. Maji ya Dar es Salaam yanategemea zaidi mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgawo. Maeneo ya mwisho wa bomba na ya milimani ndiyo huhisi mapema. Uliza jirani maji hutoka siku zipi, na ukitaka ushahidi, hesabu simtanki. Mtaa ambao kila nyumba ina matangi mawili makubwa unakuambia mengi.

Sehemu nyingine jibu ni kisima. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Onja kabla ya kulipia. Angalia pia vyoo viko wapi, vya kwako na vya jirani, maana viwanja vya 20 kwa 20 vinaweka kisima cha mmoja nyuma ya shimo la choo la mwingine. Ushauri wa kawaida ni angalau mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo, na kisima kisiwe upande wa chini wa mteremko. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilikumbusha kwa nini.

Kuna jambo linalosemwa kidogo. Maji yasiyotoka kila siku hulazimisha kuhifadhi, na maji yaliyohifadhiwa bila kifuniko ndiyo makazi ya mbu anayeeneza dengue. Mbu huyu anapenda maji masafi yaliyotulia, na anauma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa na mtoto akicheza uani. Jiji lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Ukihamia penye mgawo, bajeti ya mifuniko ya matangi na madumu iende sambamba na bajeti ya mapazia.

Kanunue kiwanja Aprili

Kiwanja cha Agosti na cha Aprili ni viwanja viwili tofauti. Kama unaweza kusubiri, kione wakati wa masika, siku moja baada ya mvua kubwa. Kama huwezi, soma dalili. Mstari wa tope kwenye kuta za majirani. Vizingiti vilivyoinuliwa hadi magotini. Viroba vya mchanga nyuma ya geti. Matete yaliyoota katikati ya kiangazi, kwenye kiwanja ambacho unaambiwa hakijawahi kupata maji. Na jina la mtaa: watu hawakuita sehemu Bwawani, Bondeni au Mtoni kwa kuwa maneno yalikuwa matamu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na viwanja vya bei ya kutupa pembezoni mwa mito ya Msimbazi, Mbezi, Tegeta na Mpiji vinauzwa na watu wanaoijua. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, halafu nenda na ofisi ya ardhi ya manispaa. Ya kwanza peke yake haitoshi.

Lakini kukimbia mafuriko nako kuna gharama, na jiji hili lina mfano mkubwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, Serikali iliwahamishia Mabwepande, nje ya Bunju, familia za mabondeni kama Jangwani. Walipewa viwanja, na ardhi ilikuwa juu, salama. Kilichobaki mjini ni wateja wa mama wa vitumbua, kijiwe cha fundi, shule ya mtoto na kliniki yenye faili la mgonjwa. Takriban kilomita 30 zilisimama katikati. Baadhi walikaa na leo wamejenga. Wengine waliuza, au waliacha ndugu kwenye kiwanja na wao wakarudi bondeni, kwenye maji wanayoyajua. Si kwamba hawakuelewa hatari. Hatari ya maji huja kwa msimu, ya kukosa riziki huja kila asubuhi.

Mengine ya mtaani utayaona kwa kusimama tu. Baa inayofunguliwa Alhamisi hadi Jumapili, spika zikielekea madirishani. Barabara ambayo mtoto wa darasa la pili atalazimika kuivuka peke yake. Shule ya msingi ya Serikali iko umbali gani na darasa lina watoto wangapi; ingia umuulize mwalimu mkuu, kwa kawaida wanapokea wazazi vizuri.

Kupanga ukiwa na kiwanja si aibu

Maoni yangu ni haya, na najua yatapingwa kwenye vikao vya ukoo: familia yenye watoto chini ya miaka saba na wazazi wanaofanya kazi katikati ya mji, mara nyingi ingefanya vizuri kununua kiwanja, kukizungushia uzio, na kuendelea kupanga karibu na kazi kwa miaka michache. Presha ya "mpaka lini utakaa nyumba za watu" inatoka kwa watu ambao hawatamwamsha mtoto wako saa 10:30.

Njia nyingine ni kupanga kwanza kule kule mnakotaka kujenga. Miezi sita ya kodi Goba au Chamazi, ikiwamo masika, itakufundisha mengi kuliko dalali yeyote, na ukishindwa unaondoka na vyombo vyako. Njia hii haijazoeleka kwetu, na ni ya bei nafuu ukilinganisha na msingi uliomwagwa mahali pasipofaa.

Waliokwisha kuhamia wana jambo moja ambalo bado wanaweza kulisogeza, nalo ni shule. Nyumba haisogei na kazi ni ngumu kusogea, lakini mtoto wa chekechea au darasa la kwanza anaweza kusoma jirani na nyumbani, hata kama shule ya mjini ina jina. Dakika tisini anazookoa kila asubuhi ni usingizi, uji wa moto na kutembea na wenzake. Kama kuna wazazi wengine watatu au wanne mtaani wenye watoto wa umri huo, kubalianeni mwendesha bajaji mmoja mnayemjua, badala ya bodaboda wanne msiowajua.

Wanaopanga kuhama mwaka huu wasubiri likizo ya Desemba, mtoto aanze Januari na wenzake. Barua ya uhamisho iombwe kabla shule haijafungwa, maana ofisi zikifungwa utamtafuta mwalimu kwa simu hadi Januari. Na siku ya kufunga mizigo, kadi ya kliniki isiingie kwenye boksi la vyombo. Ibebe kwenye pochi. Wiki ya kwanza kwenye nyumba mpya, nendeni nayo zahanati ya huko mkaandikishe mtoto, hata kama siku yake ya kupimwa bado.